Kijaluba cha Bi Chumu

Tuliambiwa kijaluba kimetoka Maskati,
mahari ya Bi Chumu, mama yake bibi,
kwa bwana mwenye kilemba na jambia kiunoni.
Na ile michoro ya chini, kama nyayo za kunguru,
tuliambiwa ni nasaba yetu, imeandikwa kwa siri,
asiisome asiyekuwa wetu.
Basi hatukuisoma. Na wetu pia hakuijua.

Harusini kilitangulizwa juu ya sinia,
kikapitishwa Mtemani nzima kwa vigelegele,
Mama Mkubwa Mize kanyanyua kidevu
kama aliyekifuata Maskati mwenyewe.

Mama alipokufa kikanifikia mimi,
kimefungwa kwenye kipande cha kaniki.
Nikakisugua kwa ndimu na jivu.
Michoro ikajitokeza, safu kwa safu,
na mimi mwalimu wa hesabu
nikaona kitu nnachokijua:
nasaba haipangwi hivi.
Madeni ndiyo yapangwayo hivi.

Nikenda nacho Chake, kwa Kantilali mtengeneza saa,
ambaye babu yake alikuwa sonara.
Akavaa miwani, akakipindua, akacheka,
halafu akaacha kucheka.
"Hii si dua, mwalimu. Hiki Kigujarati.
Hii rehani.
Hapa alileta, akachukua rupia nne.
Hapa akakomboa. Hapa akaleta tena.
Mkono wa babu huu, naujua
kwa saba yake iliyopinda."

Mara tisa kimeingia dukani, mara nane kimetoka.
Na kipo mkononi mwangu.

Usiku ule nikaufungua msahafu wa nyumbani,
ukurasa wa mwisho, walipoandikwa
waliozaliwa na waliokufa, kwa wino wa kila namna.
Miaka ya Kibaniani huku, ya Hijria huku,
toa, ongeza, beba moja.

Rupia nne: mwezi aliokufa Shaame, mumewe.
*Kaanguka mkarafuuni*, msahafu wasema.
Jambia haumtaji.
Rupia tatu: alipozaliwa Hamad.
Rupia mbili: alipokufa Hamad.
Rupia sita: hakuzaliwa mtu, hakufa mtu.
Nimekaa na hiyo sita mpaka alfajiri.

Na kila karafuu zikishaanikwa na kupimwa,
alama ya kukomboa.
Vidole vinanuka makonyo,
anahesabu fedha mezani pa watu,
anakifunga kaniki, anarudi nacho kwa miguu.

Nikamwambia Mama Mkubwa.
Akanyamaza kiasi cha kumenya ndizi tatu.
"Na mahari ya Maskati?"
Hayapo.
"Na bwana wa kilemba?"
Sijamuona popote.
Nikataka kumpoza: pengine ndiyo maana
kitindamimba wake akamwita Kombo,
kwa sababu alikuwa mtu wa kukomboa.
"Ebo! Kombo ni Kombo,
kila nyumba Pemba ina wake.
Usitutilie maji mchuzi."

Halafu, ananawa mikono, hanitazami:
"Mama alikuwa na hadithi yake ya kuku.
Ana miaka kumi na mbili, yatima mbichi,
kabeba kuku wanne kwa miguu mpaka Chake,
kasimama mlangoni mwa sonara tangu adhuhuri.
Jogoo akamponyoka, akaingia dukani,
akapanda juu ya mizani.
Alipofika hapo sote tushavunjika mbavu.
Alifuata nini huko, hakutwambia.
Nasi hatukuuliza.
Tulikuwa twamcheka jogoo."

Nikakipindua tena kijaluba.
Kuku hawamo.
Baada ya alama ya tisa fedha ni tupu,
laini, upana wa kidole gumba.

Ijumaa ni harusi ya binti yake Time.
Sinia limeshasuguliwa.
Mama Mkubwa kaniuliza mara mbili
kama ndimu itatosha
na upande wa chini.