Wazima

Uliniachia ufunguo wa kabati, vidonge vyangu vya presha,
na kuku kumi na mmoja uliowahesabu mara mbili mbele yangu
kama karani wa karafuu asiyemwamini mpimaji.
"Usiwasahau," ulisema, mguu mmoja tayari garini.
Mimi nikiwaza boti ya Mkoani na kutapika kwako,
nikiwaza Mnazi Mmoja.
Kuku sikuwawaza hata chembe.

Siku ya nne, mvua ilipokatika,
nilisikia zogo nyuma ya jiko.
Nikatoka na fagio kumfukuza kipanga.
Juu hapana kitu.
Walikuwa wao kwa wao.

Kishungi wako, yule wa madoadoa,
kichwa kakichomeka baina ya mawe,
mgongo kauacha nje kama anayelipa deni.
Na waliomdonoa si wageni:
yule mweupe ni mwanawe,
kamwatamia mwenyewe mwaka jana, kwenye kapu la makumbi.
Kila mdomo ukiondoka na kidogo:
unyoya,
kisha ngozi,
kisha ile nyekundu, na nyekundu ikiwaita waliobaki.
Jimbi, bwana mkubwa,
kasimama kando anapanga manyoya ya mkia.

Shaame akachungulia uani.
"Mchinje. Leo mchuzi, kesho kibudu."
Nikaleta kisu. Nikakinoa.
Nikamshika, na moyo wake ukanigonga kiganjani
upesi upesi, mvua ya vuli juu ya bati,
nami nikakumbuka kwamba saa ile ile
wewe umelazwa chini ya taa, chini ya kisu cha mtu nisiyemjua.

Shaame nikamwambia kisu butu.

Maji vuguvugu, chumvi, kipande cha kanga yako
(ile iliyochanika, usinune).
Manjano nikayatia mafuta ya nazi,
yale ya nywele zako, hayo nayo usiyaulize.
Kijana wa mifugo, mtoto wa Khatoro,
akanipa dawa ya zambarau:
"Mpake, mzee. Wenziwe wasiuone wekundu."
Nikampaka yeye, nikapaka vidole, shuka, ukuta.
Lile baka karibu na dirisha si wino.

Akalala ndani ya tenga, chini ya kitanda, upande wako.
Siku ya pili yake ukapiga simu baada ya isha,
sauti nyembamba, kama inapita tundu la sindano.
"Kuku wangu wazima?"
"Wazima."
"Wote?"
"Wote."
Tenga likaguna.
"Nini hicho?"
"Kitanda."
Nikakuuliza, na mshono?
"Mzima," ulisema, haraka mno,
nikajua nawe una kitanda chako kinachoguna.

Mchele hakutaka. Chicha hakutaka.
Nikapiga magoti kichuguuni, mimi na umri huu,
nikarudi na mchwa kwenye kifuu.
Akameza mmoja.
Akanitazama kwa jicho la pembeni
kama wewe ninapoleta samaki mdogo.

"Mrudishe usiku," alinifunza yule kijana,
"wakiamka naye, watadhani hakutoka."
Wiki tatu zikapita ndipo nikamweka juu ya fito, gizani,
nikakesha mlangoni na fagio langu.
Alfajiri yule mweupe akamsogelea.
Akautazama ule mgongo wa zambarau.
Akainama, akachakura wishwa.
Sijui kasamehe au kasahau,
wala sijui nani alikuwa wa kusamehe.

Ukashuka njia kuu ya Kangagani, mkono tumboni,
hatua fupi fupi, hukuniamkia hata mimi.
Ukahesabu. Kumi na mmoja.
Ukahesabu tena.
Kidole kikasimama.
"Huyu," ukasema, "kaalikwa harusi ya nani?"
Ukaanza kucheka, ukaishika mbuzi ya nazi, ukakaa polepole,
ukajibana ubavu kwa mikono miwili:
"Usinichekeshe, mwanamume wewe, nyuzi zitafumuka!"

Na mimi sijasema kitu.