Kipindi cha Saba, Alhamisi

Ratiba ya shule naichora mimi,
kwa rula, penseli, na kifutio kilichobaki nusu.
Januari mkuu aliniambia, "Kile Kifaransa kifute,
weka Kilimo." Nikaitikia vizuri tu.
Sikufuta.

Mwalimu Sekela alihama na mvua za kwanza,
akamfuata mumewe Songea, godoro juu ya Fuso.
Alituachia chaki za rangi,
ramani ya Ufaransa iliyoliwa na panya upande wa bahari,
na vitabu kumi na viwili kwa watoto arobaini na watatu,
vyote vinaanzia somo la tano.
Somo la kwanza hadi la nne
waulizwe wanaofungia maandazi.

Ndiyo maana kidato cha pili hawajui kusalimia,
ila wanajua kuulizia stesheni
na bei ya tikiti ya daraja la pili.

Mkaguzi alikuja na fomu yenye visanduku.
Kifaransa kinafundishwa? Kipo kwenye ratiba.
Vitabu? Vipo.
Mwalimu?
Nje, baridi ya Juni ilikuwa inang'ata mabati ya Uyole.
Nikasema, mheshimiwa, chai inapoa, tuingie.

Sasa huyu Tusekile
mama yake anauza viazi vya kuchemsha pale mizani,
malori yanapopanga foleni kwenda Tunduma.
Jumamosi moja akamwona dereva wa gari la Kongo
ananawa uso kwa maji ya dumu.
Binti akasogea, akameza mate,
akalitoa lile swali la treni lote, bila kupumua.

Dereva alicheka hadi akashika tairi.
"Weye mutoto, treni iko wapi huku?"
Kiswahili! Cha Lubumbashi,
kimelegea petu pakikaza,
kimekaza petu pakilegea.

Jina lake Ilunga. Kifaransa, alisema,
alikipata shuleni kwa fimbo, na kwa kipande cha ubao
alichofungwa shingoni kila neno la kwao lilipomponyoka.
"Miye balinivalisha ubao juu ya hii lugha.
Weye unaitafuta na viazi?"

Tusekile alinisimulia hayo akicheka, mlangoni kwangu,
na nyuma yangu, kwenye msumari,
kilikuwa kinaning'inia kile kibao chetu
cha anayekamatwa akisema Kiswahili.
Kamba yake mpya. Niliinunua mimi.

Ilunga alimfundisha hata hivyo:
viazi vitatu kwa salamu,
sahani nzima kwa kitenzi cha kuwa.
Ile r, alimwambia, itoe kooni
kama mtu aliyebanwa na kikohozi mbele ya mkwe.

Alhamisi, kipindi cha saba, nilipita dirishani
nikijifanya natafuta aliyevunja kioo.
Tusekile yuko mbele, sweta limetoboka kiwiko,
wenzake arobaini na wawili wanakohoa kwa adabu.
Ubaoni kaandika alivyosikia:
zhe swi, tyu e, il e.
Nilijua si sahihi.
Sahihi ni ipi, sikujua.

Usajili wa mtihani unataka jina la mwalimu
na namba yake ya ajira.
Tuliye naye ana namba ya lori,
tena tela ina nyingine.

Wiki ya tatu hii hajapita.
Wanasema mpakani kumefunga.
Nikamuuliza binti wamefika wapi.
Wakati uliopo wanao, akasema, uliopita wanao nusu,
ujao umekwama foleni Tunduma.
Hakuwa anatania. Alikuwa anaripoti
kama kiranja anavyoripoti upungufu wa mafagio.

Mkuu amekiulizia kile kibao mara mbili.
Nimemwambia nakitafuta.
Kiko droo ya chini, chini ya ratiba za miaka iliyopita,
na kamba nimewapa watoto
wafungie ramani, upande ule usio na bahari.