Mguu wa Cherehani

Gari si langu. Ni la Bwana Taufiki wa Tudor,
haibridi ya rangi ya fedha, kioo cha nyuma kina ufa,
na kila jioni ataka elfu mbili mkononi,
abiria wawepo wasiwepo.
Kinachobaki ni changu mimi na petroli,
na petroli hula kwanza.

Wiki ya kwanza niliandika kidaftarini:
lita moja, kilomita kumi na tatu.
Fundi wa Buxton akainama, akainuka, akafuta mikono.
"Betri imekufa hiyo, dada. Laki na nusu, leo leo."
Sikuwa na laki. Hata hiyo nusu sikuwa nayo.

Jumanne nikampeleka mama Kongowea kununua bitana.
Mama, miaka arubaini kwenye cherehani ya miguu,
kibarazani Majengo, sare za shule na magauni
ya harusi ambazo hakualikwa.
Gari halijui. Alikaa mbele, mkoba mapajani,
wala hakutazama nje.
Alitazama mguu wangu.

"Hiyo pedeli waipiga teke."
"Ndio mwendo, mama."
"Si mwendo huo. Uzi ungekatika zamani."

Na hapo hapo, foleni ya Daraja la Nyali, akanifunza:
Sukuma kidogo, gurudumu likubali.
Likishakubali, liachie lijiendee,
mguu ukae juu yake tu, kama kiganja
juu ya mtoto anayekaribia kulala.
Na kama waona pindo laishia pale,
mbona washona mbio hadi ukingoni, kisha washtuka?
Punguza tangu mbali.

Nikaachia. Injini ikanyamaza.
Tukawa twateleza kwa umeme mtupu,
nikasikia mambo ambayo gari hili lilikuwa likinificha:
redio ya jirani, changarawe chini ya tairi,
bangili za mama.
Nikagusa breki kwa ncha ya kiatu
na mishale ya kwenye skrini ikageuka,
gurudumu likairudishia betri ilichokopesha.
"Hapo sasa," akasema. "Uzi warudi kwenye bobini."

Nyuma, mwenye tuktuk akatukana ukoo mzima.

Mengine niliyaokota mwenyewe.
Tairi zilikuwa laini kama maandazi ya jana; nikazijaza.
Chini ya kiti cha nyuma kuna tundu la betri kupumulia,
nami nilikuwa nimelizibia gunia la viatu vya mitumba.
Mteremko wa kutoka Mazeras, madereva hutia nyutro
wakidhani waiba safari ya bure;
kwenye nyutro betri haipati hata tone.
Na kiyoyozi, Machi hii, siwezi kukizima, nisidanganye.
Nakiweka ishirini na sita, natoa jasho kidogo, naendelea.

Mama alikosea moja tu: mlimani.
Kupanda kwa kubembeleza kwala mafuta zaidi;
kanyaga kwa heshima, ufike, uachie.
Nilipomwambia hakushangaa.
"Jinzi nayo yataka mguu mzito. Hukuniuliza."

Kidaftari sasa chasema ishirini na moja,
siku ya mvua kumi na nane, siku ya maandamano sikuandika.
Taufiki hajui. Asijue.
Fundi nampungia mkono nikipita.

Jumamosi tulitoka Mazeras kumpelekea mteja buibui.
Miguu ya mama imevimba, cherehani imefunikwa kanga
tangu mfungo sita.
Alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho,
sijui amelala sijui hakulala,
na juu ya zulia la gari mguu wake wa kulia
ukishuka, ukipanda, taratibu,
ukinitangulia kidogo.

Karibu na Miritini ukainuka, ukatulia.
Nami nikaachia, bila kujua kwa nini.
Mbele, mbali kabisa, lori la makontena
likawasha taa nyekundu.