Ngozi Hutoka kwa Ngumi

Panya wetu ni namba kumi na nne.
Ametolewa kwenye friji alfajiri, amelala chali kwenye sinia ya nta,
miguu yote minne imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu
kwa sababu pini zilikwisha tangu Oktoba.
Nje, Darkhan, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani, bomba la maji moto linakohoa
na mwalimu Tsevelmaa anasema: msikate. Tenganisheni.

Gantömör anakata.
Mkasi wake umepita ngozi, umepita utando,
umetoboa msuli wa nje wa tumbo,
ule ambao nyuzi zake hushuka mshazari
kama mikono inayoingia mifukoni.
Sasa utumbo unachungulia,
na utumbo ni somo la Alhamisi.

Nipe, namwambia.
Naweka mkasi kando. Naingiza kidole cha shahada
kati ya ngozi na nyama, nakunja kifundo, nasukuma.
Ngozi inaachia polepole,
kwa sauti ya bahasha iliyogundishwa vibaya.
Hivi ndivyo mama anavyomchuna kondoo:
kisu cha kuanzia tu, kilichobaki ni ngumi.
"Umejifunza wapi?" anauliza Tsevelmaa.
Nyumbani, nasema, na naishia hapo.
Wenzangu wa mjini wameshacheka vya kutosha
moshi wa samadi uliomo kwenye koti langu.

"Rangi itawadanganya," mwalimu anasema, akipita na taa yake.
"Nyama yote ni nyekundu. Tazameni nyuzi zinaelekea wapi."

Basi tunatazama.
Shavuni maseta, nene kuliko alivyostahili mnyama mdogo hivi.
Kifuani pektorali, zinakimbilia mkononi kama watoto walioitwa.
Tunakata uzi, tunamgeuza.
Trapezi, nyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu,
na latisimasi, pana kiunoni,
ikijikusanya, ikijikusanya,
mpaka inapotelea kwapani.
Nyuma ya mguu, gastroknemi: kigimbi.
Panya ana kigimbi! Gantömör anacheka,
halafu ananong'ona kitu alichokitunga usiku bwenini:

Trapezi bega hubeba, latisimasi huvuta,
pektorali hukaba, maseta nayo yakata,
panya hana la kuiba, mtihani wanikuta.

Mimi sicheki. Nimefika begani.

Majira yale ya baridi yaliyotuachia kondoo tisa,
mama aliwainua kutoka kwenye theluji mmoja mmoja,
wazima na waliokufa, kwa sababu gizani hakuwajua.
Tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi.
Nywele zake nazifunga mimi, nikiwapo.
Nisipokuwapo hazifungwi.
Daktari wa wilaya aliandika neno moja refu kwenye karatasi;
tulilisoma sote, kwa zamu, kama anwani ya mji wa mbali.
Karatasi ikaishia kufungia chumvi.

Nainua trapezi kwa ncha ya koleo.
"Nomindari," anasema mwalimu, "leo misuli ya juu tu."
Najua.
Chini yake upo, mdogo, umejilaza juu ya ukingo wa mfupa wa bega,
hauzidi punje ya mchele iliyopikwa:
suprasipinato.
Neno lile. Chumvi na yote.
"Huo haumo kwenye mtihani."
Najua, mwalimu.

Naubana kwa koleo, navuta kidogo, kidogo sana.
Mkono wa panya unapanda,
vidole vinne vya waridi, vimefumbuka nusu,
unafika usawa wa sikio,
unakaa pale kwa muda ninaoamua mimi.
Kisha nauachia.

Gantömör ananyonya kalamu, anaandika:
Namba kumi na nne. Misuli ya juu. Yote imeonekana.