Aliyepigwa na Kofia

Kaka yangu Kundaeli alipigwa Tashkenti,
raundi ya tatu, ikibaki sekunde kumi kengele ilie.
Nasema mapema, usije ukakaa ukingojea ushindi.

Alikwenda Desemba na koti nililomchagulia Memorial,
la kike, vifungo kushoto, lakini zito.
Theluji tuliyoiona tangu utoto juu ya Kibo tu,
asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika,
kule aliikanyaga.
Alisema inalia chini ya kiatu
kama mchanga kwenye wali.

Mpinzani alikuwa Mwuzbeki mmoja asiye na jina bado,
Odiljon, mtoto wa mwoka mikate.
Alipanda ulingoni na kofia nyeusi ya pembe nne,
nyuzi nyeupe, akaivua, akaibusu,
akamrushia mama yake.
"Baada ya hapo," Kundaeli husema,
"sikuona tena cheusi wala cheupe."

Akarudi Pasua jicho limefumba.
Vijana wakamcheka mpaka Pasaka.
Akafungua kibanda, akaziba pancha.

Kisha Kofia akaanza kupanda.
Akampiga Mmeksiko. Akampiga Mrusi mwenye mkanda.
Tulimwona kwenye simu ya mpangaji wetu:
Tashkenti nzima iko barabarani,
wazee wa ndevu wanalia bila kujificha,
mkate mpana kama gurudumu la gari
umeandikwa jina lake kwa ufuta.

Na huku kwetu, kila mkanda aliouvaa yule
ulimkaza kaka yangu kiunoni.
"Huyu ndiye aliyesimama naye raundi tatu!"
Raundi zikaota miguu.
Mwaka wa pili zilikuwa tano.
Mwaka wa tatu, pale Bomambuzi, nilisikia nane.
Sikubisha: matairi yalikuwa yanaletwa kutoka Himo
kuzibwa na mkono uliomgusa Kofia.
Temba kinyozi akamchora ukutani,
pua ikatoka ya Old Moshi. Hakuna aliyelalamika.

Juzi alfajiri, Marekani, Kofia alianguka.
Raundi ya tatu.
Tulikuwa ishirini na wawili kibandani,
wengine wamekalia matairi,
chai ya tangawizi imepoa mikononi.
Mtu mmoja alisema, "Basi,"
kama anayefunga duka.
Hakuna aliyethubutu kumtazama Kundaeli.

Yeye akainuka, akaliendea koti msumarini,
akalivaa, Moshi yote inatokwa jasho la Februari,
akapiga goti mbele ya televisheni,
na kwa Kichaga, kana kwamba huko wanakijua,
akamwambia yule aliyelala chini:

"Inuka polepole.
Usimtafute mama kwanza.
Tafuta kona."