Kabari

Waliita mkutano kwenye shule ya watawa, kule Sestao,
jioni ya manyunyu yale yasiyolowesha wala kukoma,
wakatandaza ramani juu ya meza ya pingipongi.
"Hapa nyasi," akasema kijana wa manispaa.
"Hapa bembea. Hapa njia ya baiskeli."
Kidole chake kikapita juu ya karakana ya mabomba,
juu ya bwalo, juu ya choo ambamo Txomin Urrutikoetxea
alisoma gazeti zima kila Jumatatu kwa miaka ishirini,
wala hakikujikwaa popote.

Tuliombwa maoni. Tukaomba viti.
Watu tuliounda meli sitini na tatu
tukaomba viti, viwe na egemeo.

Edurne ndiye aliyesimama, koti hajalivua:
"Gudi msilifukie."
Kijana akaeleza gharama, akaeleza usalama wa watoto,
akaeleza kwamba shimo si mandhari.
"Msilifukie," akarudia, akaketi.
Hakutaja bamba, wala mnyororo uliokatika.
Sisi tuliomtoa mumewe mle ndani
tulikuwa tukitazama viatu vyetu.

Wakafukia nusu.

Huu ni mwaka wa tatu. Mto uliokuwa rangi ya kutu,
uliochubua mashua na kuziba pua za wapita njia,
una samaki sasa, wadogo, wenye haya.
Winchi wameiacha, wameipaka nyekundu;
ilikuwa ya kijivu, lakini nani anauliza.
Watoto wanateleza pale tulipopanga foleni ya mshahara.
Na ndani ya nusu ya gudi, katika maji yaliyotuama,
korongo amesimama kwa mguu mmoja
kama msimamizi wa zamu aliyekimbiwa na vibarua.

Ubao unasema: USICHIMBE.
Chini ya nyasi kuna udongo uliokuja kwa malori
kutoka mashamba ya ngano ya Álava, sentimita sitini.
Chini ya udongo, turubai la plastiki.
Chini ya turubai, sisi:
risasi, lami, zebaki, makohozi, vichungi vya sigara.
Mwenye kovu usidhani kapoa.
Nyasi hizi ni nzuri. Hazitujui.

Nami nilikuwa na deni. Siku tuliposhusha meli ya mwisho
niliiba kabari, kipande cha mwaloni kilichovishwa chuma,
moja ya mamia yaliyobeba mkuku usiku kucha.
Miaka thelathini na nne ilizuia mlango wa jiko langu.
Sasa naishi kwa binti yangu, ghorofa ya saba,
ambako milango hujifunga yenyewe, kwa adabu.

Nikaja nayo kikapuni, chini ya mkate, ili niizike.
Nikausoma ubao. Nikazunguka bustani mara mbili
kama mwizi aliyesahau nyumba aliyoiibia.

Edurne alikuwa ukingoni mwa gudi, kwenye kiti chake,
kile kinachocheza mguu,
maana ardhi ya kuletwa ingali inashuka.
Kila akinyoosha mkono kuifuata chupa ya kahawa
kiti kinamjibu: kwa, kwa.
"Inuka kidogo," nikamwambia.
Nikapiga magoti. Magoti yakalalamika.
Nikaisukuma, nikaigonga kwa kiganja mara tatu,
kama zamani.

Akaketi. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia.
Akainama kutazama, akaijua.

"Mwizi," akasema,
akanisogezea kikombe.