Zoezi la Sita

Jumanne usiku, maktaba ya Northampton, ghorofani,
tumekaa watu sita kuizunguka meza iliyochanjwa moyo kwa kisu.
Bi Pickering anagawa karatasi zingali na joto la mashine.
"Sentensi lazima iwe na mtendaji," anasema.
"Nani? Nani kafanya?"
kama askari aliyekuta dirisha limevunjwa.

Namwonea huruma mtendaji wa Kiingereza.
Kila sentensi hana budi aingie upya kwa mlango wa mbele,
ajitambulishe, avue kofia.
Wa kwetu hufundikwa ndani ya kitenzi
kama noti kwenye pindo la leso.
Hatukumwona.
Neno moja, na tumo sote, na asiyeonekana yumo.
Rebwar akahesabu kwa vidole: Kiingereza kimetaka matano,
na la mwisho likauliza kwanza
kama aliyepotea ni mume au mke.

Halafu koma.
Kwetu mama akisema "Ukome!" mchezo umekwisha,
hata kuku watatoka jikoni.
Hapa koma ni kikohozi tu,
ni mtu anayeshikilia mlango usifungwe,
ana neno jingine, ngoja, na jingine.
Nilizimwaga ovyo. Bi Pickering akazizungushia duara:
sentensi mbili kamili huwezi kuziunga kwa koma peke yake,
ni kufunga lori kwa uzi.

Na "mimi" wao!
Hata katikati ya mstari huandikwa kwa herufi kubwa,
wima kama nguzo ya taa,
ilhali "sisi" tumeinama pembeni.
Nilimwuliza sababu.
Alivua miwani, akasema hajawahi kuulizwa.

Zoezi la sita: mwandikie mwajiri, eleza kwa nini hukufika kazini.
Wenzangu walibuni. Grazhina aliugua mafua,
Rebwar aliibiwa gurudumu la baiskeli, la nyuma tu.
Mimi sikuwa na haja ya kubuni.
Ghala la Brackmills lilikuwa linadai maelezo:
Ijumaa, zamu ya usiku, hukuonekana.

Nikaandika kwanza pembeni, kwa penseli: Nimefiwa.
Nikalitafutia mlango wa kuingilia.
Kumbe kwao kifo hutendwa na maiti mwenyewe, hana msaidizi:
kaka yangu alikufa.
Mtendaji, kitenzi, nukta.
Nami niko wapi? Nimebaki kwenye "yangu",
kama mwenye tiketi ya mzigo uliopotea.
Na mimi ndiye niliyefanywa jambo!
Saa tatu usiku, buti za kazi mguuni,
shemeji akalitaja jina, Lali,
akashindwa kuimaliza sentensi,
na hakuna aliyemsahihisha.

Bi Pickering alisoma, kalamu nyekundu ikining'inia hewani.
Hakusema pole; neno hilo hawana.
Wana "samahani", kana kwamba wao ndio waliomwua.
Alirekebisha koma mbili.
Akaniambia "kaka" haandikwi kwa herufi kubwa.
Nikampunguza.
Kisha akakaa na karatasi yangu kuliko za wengine wote,
nayo ilikuwa mistari minne.

Nikaipeleka ikiwa imenyooka,
kila sentensi na mtu wake,
kila nukta mahali pake kama kifungo cha shati la shule.
Alhamisi likaja jibu kwenye simu, kutoka kwa msimamizi, Darren,
mzaliwa wa hapa, na babu yake wa hapa:

samahani kusikia njoo jumatatu saa nne usiku usisahau buti

Herufi kubwa, hakuna. Koma, hakuna.
Nililisoma mara tatu nikitafuta pumzi.
Mwishowe nikalinakili kwenye daftari,
nikachukua kalamu nyekundu,
nikaweka nukta moja tu, baada ya "kusikia".
Hapo, nadhani, mtu alipaswa kusimama.